Daftari Jeupe: Tunayoamini Vibaya Kuhusu Watoto Wadogo na Vituo Vyao

Mwezi wa tatu baba mmoja alinijia kituoni kwetu cha watoto wadogo, hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, Uganda, ameshika daftari la mwanawe wa miaka minne. Akalifunua ukurasa kwa ukurasa mbele yangu. "Mwalimu, tangu Februari naleta kuni na sabuni, na mtoto hajaandika hata herufi moja. Anacheza tu." Hakuwa mkali, alikuwa ameumia. Mtu anayelima shamba la kukodi huku mgao wa chakula ukipunguzwa mara kwa mara ana haki ya kuuliza anapata nini. Nilimjibu kwa mdomo, na wengine wengi baada yake. Leo naandika, kwa sababu maneno haya nayasikia kwa Wakongomani wenzangu, kwa Warundi, kwa Wanyankole majirani zetu, na hata kwa watu waliosoma sana huko Kampala.

"Anacheza tu, hasomi."

Mtoto aliyemwaga vizibo vya soda mkekani, akavipanga vyekundu huku na vya bluu kule, yuko kwenye hesabu. Ukimuuliza wapi ni vingi, analinganisha kabla hajaijua hata namba moja kwa maandishi. Akifinyanga ng'ombe wa udongo, vidole vinapata nguvu ya kushika kalamu mwakani. Akingoja zamu yake ya mpira wa majani makavu ya mgomba, anajifunza kujizuia, na mwalimu yeyote wa darasa la kwanza lililofurika atakuambia thamani ya mtoto anayejua kungoja. Mwongozo wa taifa wa watoto wa miaka 3 hadi 6, uliotolewa mwaka 2005 na taasisi ya mitaala ya Uganda, umejengwa juu ya shughuli na michezo. Kumkalisha mtoto huyo asubuhi nzima ananakili irabu ubaoni kunamfundisha jambo moja haraka sana: kuiogopa shule.

"Mtoto mchanga haelewi kitu, mwache akue kwanza."

Hapa nitakaa kidogo, maana hii ndiyo inayotugharimu kuliko zote. Mama anambeba mtoto mgongoni tangu alfajiri, anapalilia, anateka maji, anapika, na siku inakwisha bila mtu kumwambia mtoto neno zaidi ya "nyamaza". Simlaumu, nimeishi maisha hayo. Lakini sehemu kubwa ya ubongo inajengwa katika miaka ile ambayo sisi tunasema haelewi, na inajengwa kwa kuitikiwa: mtoto anatoa sauti, mtu mzima anajibu, mtoto anaongeza nyingine.

Mfano ninaowapa wazazi unatoka Jamaika. Katika miaka ya 1980 watafiti mjini Kingston walichukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, wote wa familia maskini. Wengine walipewa nyongeza ya lishe. Wengine walitembelewa nyumbani na wahudumu wa afya wa kawaida, saa moja kila wiki kwa miaka miwili, kumwonyesha mama jinsi ya kucheza na kuzungumza na mwanawe kwa vitu vilivyotengenezwa kwa mikono. Miaka 20 baadaye, wale ambao mama zao walionyeshwa kucheza na kuzungumza nao walikuwa wakipata kipato kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 25. Nyongeza ya lishe peke yake haikuacha alama hiyo.

Usinielewe vibaya kuhusu chakula. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa Uganda wa mwaka 2016 ulikuta watoto 29 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na mtoto mwenye njaa hachezi, analala. Ndiyo maana uji wa kituoni kwangu si hisani ya pembeni, ni nusu ya kazi. Ninachokataa ni wazo kwamba tumbo likijaa, akili itajijaza yenyewe.

Na hatuhitaji kwenda hadi Karibi. Lira, kaskazini mwa Uganda, wazazi wa vijijini walikutana mara 12 katika vikundi, wakajifunza kucheza na watoto, usafi, chakula, na jinsi mume na mke wanavyoweza kuheshimiana na kusemezana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Watoto walipanda katika kufikiri na katika kuelewa lugha, na dalili za huzuni nzito kwa akina mama zikapungua. Urefu wa watoto haukubadilika, nalo watafiti walilisema wazi. Mimi hilo la akina mama ndilo lililonigusa. Tunapanga programu za watoto kana kwamba mtoto analelewa na hewa, wakati mama aliyekata tamaa hana nguvu hata ya kutabasamu. Akina baba nao walikuwa kwenye vikundi vile, kwa hiyo anayesema malezi ya mtoto mdogo ni kazi ya wanawake ana wazee wa Lira wa kuwajibu.

"Serikali inasomesha bure, basi na nasari ni bure."

Elimu ya msingi kwa wote ilianza mwaka 1997 na inaanzia darasa la kwanza. Chini ya hapo, Sheria ya Elimu ya 2008 imeiacha elimu ya awali mikononi mwa watu binafsi na mashirika, na gharama kwa mzazi. Ipo sera ya 2007, ikaja nyingine ya 2016 inayomtazama mtoto tangu mimba hadi miaka minane, inayounganisha afya, lishe, ulinzi na elimu. Ni sera nzuri, nimeisoma. Ila sera haimlipi mlezi mshahara. Mzazi asiye na ada ya nasari anampeleka mtoto wa miaka minne au mitano darasa la kwanza akiwa ameshikwa mkono na dada yake, anakaa nyuma haelewi, mwaka unaofuata anarudia. Kisha tunasema hana akili. Kwangu huo ni uonevu, na mtoto ndiye anayeubeba.

"Aanze na Kiingereza ndipo atafika mbali."

Tangu 2007 mtaala wa darasa la kwanza hadi la tatu unataka lugha ya mahali. Mtoto anayejua kusimulia kwa lugha ya nyumbani anahamisha ujuzi huo kwenda lugha nyingine, naye aliyekaririshwa "good morning teacher" hana cha kuhamisha. Kwetu jambo ni gumu zaidi, sitaficha: mkeka mmoja una Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali. Naimba kwa Kiswahili, kilichokubaliwa na baraza la mawaziri kuwa lugha rasmi mwaka 2022, lakini mtoto akilia nambembeleza kwa lugha ya mama yake, na kama siijui namwita mama mwenye kuijua.

"Vituo hivi vimeletwa na Wazungu."

Baadhi, ndiyo. Lakini wasomaji wa Kiswahili tunapaswa kukijua kisa cha shule za awali za madrasa. Zilianza pwani ya Kenya, Mombasa, katika miaka ya 1980, baada ya jamii za Waislamu kutaka watoto wao wasiachwe nyuma shuleni na wasipoteze dini yao. Bi Swafiya Said alikuwa mwalimu wa mstari wa mbele, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Wanawake wa mtaani walifunzwa kufundisha, vifaa vikatengenezwa kwa vilivyopo, na kamati za wenyeji zikasimamia. Mpango ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Watafiti walipolinganisha watoto katika nchi zote tatu, waliosoma shule yoyote ya awali walifanya vizuri kuliko waliobaki nyumbani, na wa madrasa wakawapita wenzao wa shule nyingine za awali.

"Akishapita kituoni, kazi imekwisha."

Hapana. Huko Ypsilanti, Marekani, watoto 123 wa familia maskini za Weusi walishiriki jaribio kati ya 1962 na 1967. Nusu hivi walipata shule ya awali na mwalimu wa kuwatembelea nyumbani kila wiki. Faida katika vipimo vya akili ilififia baada ya miaka michache ya shule. Walipofika miaka 40, hata hivyo, walikuwa na kipato kikubwa zaidi na wamekamatwa na polisi mara chache kuliko wenzao. Lakini walimu wale walikuwa wamesomea kazi yao, na watoto walikuwa wachache kwa kila mmoja wao. Asiwepo wa kuutumia utafiti huo kutetea chumba chenye watoto 80 na mlezi mmoja asiyelipwa.

"Mwenye ulemavu atasumbua wenzake."

Mlete. Asiyesikia akianza ishara akiwa na miaka mitatu ana lugha, na akifichwa hadi miaka minane amenyimwa lugha.

"Kituo kizuri ni chenye jengo zuri."

Nenda ukaangalie mwenyewe, mzazi, bila kupiga simu kwanza. Tazama kama choo kina tundu dogo la mtoto na maji ya kunawa yako karibu. Uliza nani anapika uji na saa ngapi. Hesabu watoto, hesabu walezi. Kisha simama nje ya mlango usikilize. Ukisikia sauti ya mtu mzima mmoja na kwaya inayorudia, rudi nyumbani ukafikirie. Ukisikia watoto wakibishana kizibo ni cha nani, na mlezi akiwauliza watakigawanaje, ingia.