"Mwanangu kaangukia kundi la wasiopewa": dhana potofu kuhusu utafiti wa wagonjwa mahututi

Kila panapofanyika utafiti wodini, kauli ni ileile: "Wenzake wametundikiwa dripu, wangu anaangaliwa tu." Mjomba aliyekuja kuona mgonjwa naye anakoleza: "Si mlisaini wenyewe? Mmeshakuwa panya wa maabara." Tuanze na hilo la kundi, maana ndilo linalochosha kuliko yote.

Dhana: Kundi lisilopewa tiba inayojaribiwa limepunjwa

Ingekuwa inajulikana tiba ipi ni bora, hakuna kamati ya maadili ambayo ingeupitisha utafiti huo. Kura ya kumpanga mgonjwa kwenye kundi hupigwa kwa sababu hakuna anayejua, daktari bingwa akiwemo. Na mara nyingine "waliopunjwa" ndio wanaopona zaidi.

Mfano uko hapahapa kwetu. Utafiti wa FEAST, uliopima maji ya haraka ya mshipani kwa watoto mahututi, ulifanyika katika hospitali 6: Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda, Kilifi nchini Kenya na Muheza nchini Tanzania. Uliandikisha watoto 3,141 wa umri wa siku 60 hadi miaka 12, wenye homa kali, waliopoteza fahamu, waliolegea au waliopumua kwa shida, na ambao mzunguko wao wa damu ulikuwa hafifu. Mzunguko hafifu haupimwi kwa kukisia. Unabonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, unaachia, unahesabu. Rangi ikichukua sekunde 3 au zaidi kurudi, hiyo ni dalili moja. Nyingine ni miguu kuwa ya baridi wakati kiwiliwili kinachemka, mpigo dhaifu kwenye kifundo cha mkono, na moyo kwenda mbio kupita kiasi.

Makundi mawili yalipewa maji ya haraka ya mshipani, moja saline (maji ya chumvi) na jingine albumini (maji yenye protini ya damu), mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ndani ya saa moja. Kwa mtoto wa kilo 12 hiyo ni mililita 240 hadi 480, karibu chupa nzima ya nusu lita. Kundi la tatu lilipewa maji ya mshipani ya polepole tu, mililita 2.5 hadi 4 kwa kilo kwa saa. Kwa mtoto huyohuyo, ukitumia mrija wa dripu unaotoa matone 20 kwa mililita, hayazidi matone 16 kwa dakika. Watoto wote, wa kundi lolote, walipewa antibayotiki, dawa ya malaria, oksijeni, sukari na damu kadiri walivyohitaji. Huko si "kuangaliwa tu".

Matokeo ya saa 48, yaliyochapishwa mwaka 2011: walifariki asilimia 10.6 wa kundi la albumini, 10.5 wa saline, na 7.3 wa kundi lililosemwa limepunjwa. Ni vifo 3 zaidi katika kila watoto 100 kwa sababu ya maji ambayo miongozo ya wakati huo ilielekeza yatolewe. Wengi walidhani tatizo lingekuwa mapafu kujaa maji au ubongo kuvimba, lakini vifo vya ziada vilitokana zaidi na moyo na mzunguko wa damu kushindwa. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilibana maelekezo: maji ya haraka ni kwa mtoto mwenye dalili zote tatu pamoja, yaani mikono na miguu baridi, rangi ya ukucha kuchelewa zaidi ya sekunde 3, na mpigo dhaifu unaokwenda mbio. Dalili moja au mbili hazitoshi.

Asitokee mtu akasema hapa dripu imekatazwa. Watoto wa kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuwemo katika FEAST. Mtoto aliyekaushwa kabisa na kuhara bado anahitaji mililita 100 kwa kilo. Aliyezidi mwaka mmoja hupewa 30 katika nusu saa ya kwanza, na 70 zilizobaki kwa saa mbili na nusu.

Kwa watu wazima, utafiti wa Lusaka uliochapishwa mwaka 2017 ulihusu wagonjwa wenye maambukizi makali na presha ya chini. Waliopewa maji mengi mapema walifariki asilimia 48, na waliopata huduma ya kawaida asilimia 33.

Dhana: Dripu inaongeza nguvu

Nusu lita ya saline ni maji na gramu 4.5 za chumvi. Nusu lita ya dextrose ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari, pungufu ya soda moja. Mgonjwa anayeweza kunywa uji, mpeni uji. Na tafadhali, kile kigurudumu kwenye mrija wa dripu si cha ndugu. Kuna wanaokifungua "iishe haraka turudi nyumbani", na matone 16 yanakuwa mchirizi.

Dhana: Daktari humchagulia mgonjwa kundi

Katika FEAST, jina la kundi lilikuwa ndani ya bahasha zisizoonyesha ndani, zilizopewa namba na kufunguliwa kwa mfuatano. Mtoto wa bosi na wa mkulima walipita njia hiyohiyo.

Dhana: Utafiti ukisimamishwa katikati, umeharibika

FEAST ulipangwa kuwa na watoto 3,600. Kamati huru inayokagua takwimu iliona mwelekeo wa vifo, na Januari 2011 ikashauri uandikishaji usimame. Ndiyo kazi yake.

Dhana: Damu inachukuliwa ikauzwe

Mililita 5 za damu ya kupima ni kijiko kimoja cha chai. Chupa ya damu ya kuongezewa mgonjwa ni mililita 450. Mwenye kufanya biashara hiyo angefilisika.

Dhana: Ukisaini, umefungwa

Unaweza kujitoa siku yoyote, na matibabu ya kawaida yanaendelea. Mtoto akiwa hoi, hakuna muda wa kusomeana kurasa. Katika FEAST mzazi aliyekuwa katika hali hiyo aliombwa kwanza kukubali kwa mdomo, na maelezo kamili pamoja na saini vikafuata hali ilipotulia. Asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi asiye wa timu ya utafiti. Kabla ya kuweka, tafuta kwenye fomu namba ya simu ya kamati ya maadili, si ya mtafiti peke yake, kisha dai nakala yako uondoke nayo.