Makisio ya ardhi ya kometi ni nini?

Fundi wa Nairobi akiitwa kujenga Embakasi, kabla hajashika jembe anatarajia udongo mweusi, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Akiitwa Runda, anatarajia mwekundu. Hajachimba, lakini habahatishi, maana ana dalili. Hayo ndiyo makisio. Mwamba uko futi ngapi chini? Hilo ataambiwa na shimo.

Wanaosoma kometi, magimba ya barafu na vumbi yanayoitwa nyota zenye mkia, hufanya kazi hiyohiyo bila jembe. Rosetta, chombo cha anga cha Ulaya, kilifika kwenye kometi 67P Agosti 2014, na Novemba ilibidi kiangushe chombo kidogo, Philae, juu yake. Ardhi ikoje? Dalili zilikuwepo. Uso ulikuwa mweusi kama makaa, na joto lake, wastani wa nyuzi 70 chini ya sifuri, lilizidi lile ambalo barafu tupu ingekuwa nalo. Basi juu kuna vumbi, barafu imejificha chini. Tungamo lake ni karibu nusu ya lile la maji yenye ujazo uleule, maana yake ndani kumejaa uwazi.

Ila hakuna picha inayopima ugumu. Mtu akiona bonge lenye kivuli anasema "jiwe", na tayari amekisia bila kujijua. Ndiyo maana Philae alipewa kinga za pande zote mbili: nyayo pana asizame kwenye vumbi, skrubu miguuni na vyusa viwili vya kujifunga asidunde kwenye barafu ngumu. Duniani alikuwa na kilo 100 hivi. Kule alikuwa mwepesi kama karatasi.

Tarehe 12 Novemba vyusa havikufyatuka. Philae akadunda, akaelea karibu saa mbili, akatulia kwenye kivuli cha genge. Alipogusa mara ya kwanza ardhi ilikuwa tifutifu. Alipotulia, nyundo yake ilipita kwenye vumbi kidogo, ikagonga tabaka gumu na kushindwa kupenya. Kometi ni hiyohiyo moja.

Na lile "jiwe"? Mwaka 2020 watafiti walieleza kwamba katika safari yake ya kudundadunda Philae alikwangua bonge moja na kuacha barafu nyeupe wazi. Walipokadiria ulaini wa barafu ya ndani, wakaikuta laini kuliko povu la kahawa.