Ukishang'olewa jino la mwisho, liache bonge la damu

Kila inapofika Siku ya Kinywa na Meno Duniani, Machi 20, watu wengi hujitokeza kuchunguzwa, na baadhi hupangiwa upasuaji wa magego ya mwisho yaliyolala ndani ya fizi. Kisha usiku simu zinaanza: "Daktari, damu haikatiki."

Upande wetu kazi huanza kabla ya kisu. Unapimwa presha, ikizidi 180/110, upasuaji usio wa dharura unaahirishwa, na muuguzi hana kosa. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hupimwa kwanza kasi ya damu kuganda. Asiiache dawa kwa uamuzi wake: damu ikiganda ndani ya mshipa ni hatari kuliko pengo linalovuja. Hata aspirini ya kila siku itaje, usiseme "hiyo ya kawaida tu". Ndipo unasaini fomu ya ridhaa. Ganzi huchanganywa na adrenalini inayobana mishipa midogo, ndiyo maana tunasubiri dakika chache kabla ya kukata. Mwishoni tunashona, tunakupa gozi, kitambaa laini cha kufungia vidonda, ung'ate.

Kuanzia hapo kazi ni yako. Ng'ata dakika 30 mfululizo, bila kuchungulia. Kijana mmoja aliletwa na mama yake saa nne usiku, mkononi ana kopo alilokuwa anatemea tangu jioni. Tulipoliangalia, sehemu kubwa ilikuwa mate. Tulimng'atisha gozi iliyokunjwa nene, tukamkataza kutema. Nusu saa baadaye damu ilikuwa imesimama. Jamani, kutema ndiko kunakong'oa bonge la damu linaloziba pengo!

Kwa saa 24 usisukutue, usinywe kwa mrija, usivute sigara. Maji ya chumvi ya vuguvugu ni ya kesho yake. Bonge likitoka mapema mfupa unabaki wazi, na maumivu yake ya siku ya tatu hayasahauliki.

Shavu litavimba, na uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Huo si usaha. Usikimbilie duka la dawa kununua amoksilini, dawa ya kuua bakteria. Siku ya kwanza funga barafu kwenye kipande cha khanga, weka shavuni dakika 20, pumzisha, rudia. Lala kichwa kikiwa juu.

Uvimbe ukizidi kukua baada ya siku ya tatu, ukipata homa, ukishindwa kumeza au pumzi ikibana, njoo hospitali hata kama ni usiku wa manane. Usisubiri tarehe ya kutoa nyuzi.