Je, wajua kwa nini mji wa Orlando uko chini ya wilaya mbili za maji?

Jimbo la Florida, Marekani, lina wilaya 5 za usimamizi wa maji, na ramani yake inafanana na kitambaa kilichochanwa kwa meno. Mipaka inapindapinda na kukata kaunti katikati. Eneo la Orlando limeangukia pande mbili: upande wa mashariki ni wilaya ya mto St. Johns, kusini-magharibi ni wilaya ya Florida Kusini.

Nilipoiona mara ya kwanza nilikata shauri papo hapo: hawa ni wanasiasa. Marekani majimbo ya uchaguzi huchorwa yakajikunja kama nyoka ili chama fulani kishinde, nikaona na hii ni ndugu yake. Nikamweleza rafiki yangu, tena kwa sauti ya mtu anayejua.

Ndani ya kosa hilo kulikuwa na jingine. Nilidhani wilaya hizi ni kama mamlaka zetu za maji, zile zinazoleta bili na kukata bomba usipolipa. Sivyo. Kusambaza maji majumbani ni kazi ya miji, kaunti na makampuni. Wilaya hizi hutoa vibali vya kuvuta maji mengi, huzuia mafuriko na hulinda chemchemi na maeneo oevu. Hata neno “wilaya” linapotosha, maana hakuna mkuu wa wilaya hapo; kuna bodi ambayo wajumbe wake huteuliwa na gavana na kuthibitishwa na seneti ya jimbo.

Kosa la tatu ndilo linalonitia aibu. Nilipoambiwa kwamba mipaka inafuata maji, nilicheka. Inafuata maji vipi, na Florida ni tambarare kama meza? Kilele cha jimbo zima, Britton Hill, kina mita 105 hivi. Mgongo wa kuyagawa maji utatoka wapi?

Jibu nililipata bafuni. Fundi akimaliza sakafu, kwa macho utaapa imelala sawasawa. Mwaga ndoo ya maji. Yatasita kidogo, kama yanayofikiri, kisha yataelekea kwenye tundu. Au, kama fundi alikuwa na haraka, yataelekea chumbani. Inatosha upande mmoja kuwa juu ya mwingine kwa unene wa sarafu. Si bure kwamba kifaa cha fundi cha kukagua usawa tunakiita pima maji.

Sasa itandaze sakafu hiyo ya bafu iwe jimbo zima. Mto St. Johns una urefu wa kilomita 500 hivi, lakini kutoka chanzo hadi baharini unashuka chini ya mita 10. Hiyo ni kama sentimita 2 kwa kila kilomita, na mto unatiririka hata hivyo, tena kuelekea kaskazini. Mvua ikinyesha mashariki ya Orlando huingia mto Econlockhatchee, kisha St. Johns, na kutokea Atlantiki karibu na Jacksonville. Ikinyesha kusini-magharibi huingia kijito cha Shingle Creek, ambacho huelekea kusini hadi mto Kissimmee na ziwa Okeechobee. Kati ya pande hizo umepita mgongo ambao unaweza kuuvuka kwa gari bila kubadili gia. Mchora ramani aliufuata huo.

Wala sikuwa na udhuru. Tanzania ina mabonde 9 ya maji, na bonde la Pangani limegusa Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Tanga bila kumwomba ruhusa mkuu wa mkoa yeyote.

Sheria iliyoziweka wilaya hizi ni ya 1972. Mafuriko ya 1947 yalikuwa yamezaa wilaya ya kudhibiti mafuriko mwaka 1949, kisha ukame wa 1970 na 1971 ukawaonyesha wabunge kwamba hata nchi ya vinamasi hukauka. Mwaka 1976 katiba ya jimbo ikarekebishwa ili wilaya zitoze kodi ya mali: kikomo ni dola 1 kwa kila dola 1,000 za thamani inayotozwa, ila kaskazini-magharibi ni senti 5 tu. Na cha kuchekesha ni kwamba kikomo hicho cha kodi kinatenganishwa kwa mstari ulionyooka wa wapima ardhi. Maji yamepewa mipaka yake, pesa zikapewa rula.

Hata hivyo, ile ramani isiaminiwe kupita kiasi. Mifereji imeyahamisha maji mengi: sehemu kubwa ya yanayotoka Okeechobee hupelekwa baharini mashariki na magharibi badala ya kushuka kusini kwenye vinamasi vya Everglades. Na mgongo niliousifu ni wa maji ya juu. Chini yake kuna miamba ya chokaa iliyojaa maji, ambayo ndiyo yanayonywewa na watu wengi wa jimbo hilo, na hayo hayafuati mgongo wa juu. Kisima kikubwa cha wilaya moja kinaweza kupunguza maji ya chemchemi iliyo wilaya jirani.

Ndiyo maana wilaya 3 zinazokutana katikati ya Florida, karibu na Orlando hiyohiyo, zililazimika kukaa meza moja kupanga maji ya kaunti za Orange, Osceola, Polk, Seminole na kusini mwa Lake kana kwamba mpaka haupo. Mwaka 2016 bunge la jimbo likauingiza mpango huo katika sheria.