Askari au afisa katika jeshi la Marekani: tunayoambiana na yalivyo

Kwetu kila mwenye sare ni afande: mlinzi wa getini, trafiki wa barabarani, hata kanali. Asili ya neno hilo ni efendi ya Kituruki, lililoletwa na askari wa Kisudani waliotumikia majeshi ya wakoloni, na mtaani halibagui cheo. Mazoea hayo nilikwenda nayo hadi Fort Jackson, South Carolina. Asubuhi ya kwanza nilimjibu mkufunzi kwa "sir", kwa adabu zote. Alinisogelea mpaka ukingo wa kofia yake ukanigusa paji la uso, akanieleza polepole kwamba yeye ni sajini, ataitwa kwa cheo chake, na "sir" ni ya mwenye kamisheni, yaani hati ya kuteuliwa kuwa afisa.

Tangu hapo, ndugu akinipigia simu kutoka Texas au Minnesota, grini kadi mkononi na hamu ya kujiunga, namwuliza kwanza: askari au afisa? Askari hapa ni yule asiye na kamisheni, hata awe sajini. Wengi hunijibu kwa waliyoyasikia kwenye harusi na misiba yetu ya huku.

"Ukiwa na digrii unaingia afisa." Digrii ni lazima kwa asiye mwanajeshi anayetoka mtaani kutafuta kamisheni, lakini peke yake haitoshi. Sheria inataka afisa wa jeshi la kudumu awe raia wa Marekani. Grini kadi inafungua mlango mmoja tu, wa askari, hata uwe na uzamili wa Makerere. Bwenini kwetu alikuwapo mhasibu wa miaka thelathini na kitu, mwenye shahada mbili za Nairobi, akipiga deki sambamba na kijana wa miaka 18 wa Alabama aliyemaliza sekondari juzi tu. Hakuonewa. Hakuwa raia bado, basi.

Uraia wenyewe kwa mwanajeshi hausubiri ile miaka 5 ya kawaida. Fomu ya N-400, ya kuomba uraia, kwake haina ada, na jeshi huthibitisha utumishi wake kwa fomu ya N-426. Akishaapa uraia, akiwa na digrii na alama zisizopungua 110 katika kipengele cha GT cha ASVAB, mtihani wa kujiunga na jeshi, anaweza kuomba OCS, kozi ya maafisa ya wiki 12 pale Fort Benning.

"Basi digrii ya nyumbani haina kazi." Inayo, tena ya mapema. Mwenye shahada huanza na E-4, cheo cha Speshalisti, badala ya E-1, ngazi ya chini kabisa. Mwaka 2024 mshahara wa msingi wa E-1 aliyepita miezi 4 ulikuwa dola 2,017 kwa mwezi, wa E-4 dola 2,633, na wa luteni usu mpya dola 3,826. Ila shahada ya nje lazima itathminiwe na wakala anayekubalika, na majibu yawe mkononi kabla hujasaini. Mwenzangu mmoja aliambiwa, "Ukifika kambini watashughulikia." Alifika. Mimi kifuani nilikuwa na alama ya cheo, yeye kitambaa kitupu, na vyeti vyetu ni vya chuo kimoja.

"Wewe nesi, ingia kama askari wa tiba, utapanda mbele ya safari." Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu dada zetu wengi huku ni wauguzi. Katika jeshi la nchi kavu la Marekani, muuguzi mwenye shahada na leseni ya RN, ya muuguzi aliyesajiliwa, ni afisa. Askari wa tiba, wanayemwita 68W, ni kazi nyingine kabisa: anafundishwa San Antonio kuzuia damu, kufungua njia ya hewa na kumtoa majeruhi chini ya risasi. Ni kazi ya heshima kubwa, lakini leseni yako ya RN haitaingia humo. Kwa hiyo dada mwenye RN aliyebakiza mwaka mmoja kufikia uraia, namsihi angoje, kisha aombe kamisheni ya uuguzi. Lakini kijana anayefanya kazi ya kuhudumia wazee, bila shahada wala ada ya chuo, 68W humpa ujuzi na cheti cha huduma ya dharura kinachotambulika nje ya jeshi. Hapo simzuii hata kidogo.

"Kiswahili chako kinatosha, hata kwa viza ya masomo." Kulikuwa na mpango wa MAVNI wa kuandikisha wenye viza wanaojua lugha zilizohitajika, ulioanza 2009, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha ya lugha zake. Ulisimamishwa 2016. Anayekuahidi leo anakupotezea muda.

"Afisa huamuru, askari huburuzwa." Luteni usu anayeripoti kikosini hukabidhiwa watu thelathini au arobaini, na pembeni yake yupo sajini mwenye miaka kumi na zaidi kazini. Niliwahi kumwona sajini wetu akimvuta luteni nyuma ya gari, mbali na masikio yetu, akamwonyesha kwenye ramani kosa la njia. Luteni alirudi akatoa amri mpya kwa sauti yake mwenyewe. Afisa hubeba dhamana na mipango, na karatasi nyingi sana. Anayeishi na watu, anayejua nani kafiwa na nani bunduki yake inakwama, ni sajini. Jiulize kazi ipi ni yako. Na miaka ya uaskari haipotei: aliyetumikia zaidi ya miaka 4 kisha akapata kamisheni hulipwa kwa jedwali la mishahara la O-1E, la juu kuliko la luteni mpya wa kawaida.

"Sajini wa usajili atakueleza yote." Kazi yake kubwa ni kujaza nafasi za askari. Habari za kamisheni ziulize wewe, kwa jina. Uliza pia kazi zinazotaka kibali cha kuona siri za serikali, maana asiye raia hapewi kibali hicho.

Mwisho, jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Kanuni za jeshi zinakataza afisa na askari kukopeshana pesa au kuwa na shughuli ya fedha inayoendelea. Maana yake hata upatu umekatazwa. Chama chetu kilikuwa na watu 10, wote askari, dola 300 kila mwezi. Yule mhasibu wa Nairobi alipopata uraia na kukubaliwa OCS, zamu yake ilikuwa ya nane. Tukaivuta mbele, akamaliza michango yake yote kwa mkupuo, tukafunga hesabu zake wiki moja kabla hajapakia mizigo kwenda Fort Benning.