Je, wajua kwa nini ndege iliyotoka San Francisco ilirudi Marekani kupitia Kongo?

Desemba 1941 rubani Robert Ford wa shirika la Pan American aliondoka San Francisco kwenda Auckland, New Zealand, na ndege ya majini aina ya Boeing 314 iitwayo Pacific Clipper. Kabla hajafika, redio ikaleta habari: Wajapani wameshambulia Pearl Harbor, Hawaii. Hawaii ndiyo iliyokuwa njia yake ya kurudi.

Akaagizwa arudi kwa kuelekea magharibi, aizunguke dunia, na ndege isiangukie mikononi mwa adui. Sehemu kubwa ya njia hiyo yeye na wenzake hawakuwahi kuiruka. Ila walikuwa na chombo kinachofaa. Tumbo la ndege ile liliundwa kama la mashua, hivyo haikuhitaji uwanja. Bandari, ziwa au mto mpana ulitosha. Ndiyo maana iliweza kutua Darwin, Surabaya, Trincomalee, Karachi, Bahrain, kisha juu ya Nile mjini Khartoum.

Tatizo likawa petroli. Mjini Surabaya petroli ya ndege haikutosha, wakaongezewa ya magari. Wakaitenga ile nzuri kwa ajili ya kupaa, kisha angani wakahamia ya magari, na injini zikaanza kupiga mishindo. Nawavulia kofia mafundi wake, waliozitunza injini nne kwa vifaa walivyokuwa navyo tu.

Mtihani mkubwa ulikuwa Léopoldville, Kinshasa ya leo. Toka pale wangevuka Atlantiki hadi Natal, Brazil, zaidi ya saa 20 bila kutua, kwa hiyo matangi yalijazwa mno. Sasa, ndege ya majini hung'ang'aniwa na maji mpaka ipate kasi ya kuinua tumbo lake, na hewa ya joto ni nyepesi, haibebi mabawa vizuri. Upepo nao haukuwepo. Ford akaelekeza pua kule Mto Kongo unakoshukia, mkondo umwongezee kasi, ingawa mbele yake kulikuwa na maporomoko. Akakaza injini zote hadi mwisho, kwa zaidi ya dakika nzima, ndipo ndege ikabanduka majini maporomoko yakiwa yamekaribia.

Tarehe 6 Januari 1942 alifika New York alfajiri, akalazimika kuzunguka angani hadi kupambazuke ndipo akaruhusiwa kutua.