Sangara hali rangi

"Vuta haraka, mdogo wangu. Samaki akiona kitu kinakimbia, lazima akifukuze." Niliambiwa hivyo siku ya kwanza niliposhuka kwenye mawe ya Luchelele, hapa Mwanza kando ya Ziwa Victoria, kuvua sangara na fimbo mpya na kisanduku cha vyambo vya samaki wa plastiki. Nikatii. Wiki mbili nzima nilizungusha rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, kama fundi cherehani usiku wa kuamkia Idi, na nilichoambulia ni bega kuuma.

Ushauri ule una nusu ya ukweli, ndiyo maana haufi. Sangara ni mwindaji kweli, ila si wa kukimbizana ovyo. Akiwa karibu na mawe hujibanza kwenye kivuli cha jabali, akingoja furu, wale samaki wadogo wa ziwani, au dagaa apite, kisha anafungua lile domo lake na maji yanaingia pamoja na mlo. Dagaa mzima anayekwenda kasi moja kwenye mstari ulionyooka ni kazi kumpata. Dagaa anayekwenda, akasita, akayumba, akazama kidogo, huyo ana kasoro, na mwindaji yeyote anamjua mwenye kasoro. Wanaovua bass, samaki mwindaji wa kule Marekani, wanalifahamu jambo hili vizuri: mara nyingi samaki hugonga chambo kikiwa kimesimama au kinazama, yaani pale mkono wa mvuvi umetulia.

Mimi nililijua kwa bahati. Jioni moja mtoto aliyekuja kuteka maji aliniamkia, nikaacha kuzungusha ili nimwitikie vizuri. Kabla sijamaliza "marahaba", mshipi ukakaza. Sangara mwenyewe hakufika kilo tatu, lakini aliniondolea ujinga wa wiki mbili. Tangu hapo nazungusha mara tano, nasimama, nahesabu hadi tatu. Nikirusha tena, mara mbili tu na mtikiso mdogo wa ncha ya fimbo. Tena, mwendo mrefu wa taratibu bila kusimama. Nabadilisha hadi mmoja ale, na akila najiuliza hapo hapo: mkono ulikuwa unafanya nini? Hilo ndilo la kurudia.

Kusimama nako kuna elimu yake. Wengi hudhani ukiacha kuvuta, kila chambo kinazama. Viko vinavyoelea: ukivivuta, ule ulimi wa plastiki mdomoni unavichimbia chini, ukiviacha vinapanda juu polepole. Kwenye mawe yetu hivi vya kuelea ndivyo vinavyotuokoa. Ukihisi kimegusa jabali, acha kuvuta, legeza mshipi, kitajinasua chenyewe. Kile cha kuzama ukikifanyia hivyo, umekiaga. (Na usiingie majini kukifuata. Ziwa hili lina kichocho, na kwingine lina mamba.)

Kundi la pili ni wale waliotazama video wakaamini kinyume chake: vuta polepole, daima. Sikiliza anayesema yuko wapi. Bass wa Marekani anapitia majira ya baridi. Maji yakipoa mwili wake unapoa nayo, anasaga chakula taratibu na hataki kusumbuka, kwa hiyo wavuvi wa kule hukokota chambo kama konokono. Sisi hapa Mwanza maji ni ya uvuguvugu mwaka mzima, kwa kawaida nyuzi 23 hadi 27. Sangara wetu hana Januari ya theluji ya kumlegeza. Kinachobadilika kwetu ni mwanga, upepo, tope baada ya mvua na kiasi cha hewa kwenye maji. Kwa hiyo taratibu ina siku zake, hasa maji yakichafuka na samaki akahitaji muda wa kukipata chambo, lakini si sheria. Sangara na bass wala si ndugu wa karibu. Ndugu wa sangara ni barramundi wa Australia.

Halafu hata hiyo "polepole" yako si yangu. Rili moja, ukizungusha mkono mara moja, inakunja mshipi kama mara tano. Nyingine saba. Siku moja nilipima yangu kwa kuweka alama kwenye mshipi na kuuvuta sakafuni nyumbani: sentimita 70 hivi kwa mzunguko. Ya rafiki yangu ilikaribia 90. Tulikuwa tunabishana juu ya mwendo uleule huku kila mmoja akivuta tofauti.

Rangi? Wauzaji wanaipenda. Jua likishazama nyuma ya vilima, nyekundu na bluu zote ni kivuli tu, na sangara anawinda sana kwenye giza hilo. Anahisi mtetemo kwa mstari wa ubavuni. Mimi nabadilisha mwendo mara kumi kabla sijabadilisha rangi.

"Sangara wote wako kilindini." Wakubwa wengi, sawa, lakini furu wanaishi kwenye mawe, na anayewala hupita kuwakagua. Rusha cha kuzama, hesabu hadi mshipi ulegee, hapo kimefika chini. Ikiwa ni kumi, mara inayofuata anza kuvuta kwenye nane, kisha sita. Wanaovuta kwa boti nao hudhani mwendo ni kazi ya injini. Boti ikikata kona, chambo cha upande wa ndani kinapungua kasi, cha nje kinaongeza. Ukiona kimegongwa cha ndani, boti imekuwa ikienda mbio mno.

Baba yangu mdogo anatega migonzo, zile kamba ndefu zenye ndoano nyingi, kule Igombe. Kwake plastiki ni utapeli: sangara anataka chambo hai, kambare mdogo anayejinyonganyonga kwenye ndoano. Hakosei kuhusu migonzo. Ndoano ya mgonzo imekaa pale pale, lazima chambo kijitingishe chenyewe. Huku kwenye fimbo wa kutingisha ni wewe. Nilimweleza hivyo Jumapili moja, akanitazama kama ninayemuuzia dawa ya mapenzi. Nikampa fimbo.

Akarusha vibaya, karibu mno. Akazungusha mara nne, akasimama ili anicheke. Mshipi ukavuta kando, akakaza bila haraka, kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote kwa mkono mtupu. Alipomfikisha kwenye jiwe tukampima: sentimita 43. Chini ya 50 haruhusiwi, akamrudisha mwenyewe.

Kisha akafuta mikono kwenye suruali, hakunirudishia fimbo.

"Hapo katikati," akauliza, "tunamsubiri muda gani?"